Nyimbo Saba za Baba, Kuanzia ya Mwisho

Mjukuu wangu Limi ana siku nne sasa anapanga albamu. Zote zilizotoka mwaka huu, kuanzia ya kumi mpaka ya kwanza, kwa jinsi anavyozipenda yeye, halafu anawatumia wenzake kwenye simu na wenzake wanamrudishia matusi. Tunaishi wote hapa Kambarage, chumba chake na changu vinagawana ukuta mmoja, kwa hiyo albamu zote kumi nimezisikia, nyingine mara mbili. Jana akaniita.

"Bibi, njoo unisaidie. Ya kwanza na ya pili zimenishinda kupanga."

Nikakaa. Nikasikiliza zote mbili, wimbo baada ya wimbo, chai yangu ikapoa. Nikamwambia, hii uliyoiweka ya pili ndiyo ya kwanza, maana huyu mwingine anaanza vizuri halafu anachoka njiani, anajaza kelele.

Akacheka. "Lakini Bibi, hiyo yenye kelele ndiyo inatrendi."

"Sasa mimi umeniitia nini?"

"Nilitaka tu kusikia utasemaje."

Alitaka tu kusikia! Nikainuka kwa hasira nikaenda kuchambua mchele wangu. Lakini hasira ile haikuwa ya Limi, mtoto wa watu hakukosa kitu. Ni hasira ya zamani, nilidhani imeshakufa. Mimi niliwahi kuulizwa swali hilohilo nikiwa sijaota hata meno yote ya ukubwani, na nilijibu vizuri, na jibu langu likatufikisha pabaya.

Kwetu kulikuwa upande wa Geita, mwendo wa asubuhi moja kutoka Rwamgasa, kabla mashimo ya dhahabu hayajayafikia mashamba yetu. Baba yangu Masanja alikuwa ningi, yaani mtunzi wa nyimbo na kiongozi wa kundi la ngoma. Wenzangu wa rika langu mnajua jinsi mwili ulivyokuwa ukisisimka pamba ikishakwisha shambani, na ile harufu ya ngozi za ngoma zikipashwa moto ili zilie vizuri. Mpaka leo nikisikia harufu ya ngozi kavu karibu na moto, miguu yangu inaanza kucheza yenyewe kabla sijaikataza.

Kila mwaka kundi letu na kundi la Jilala, wa ng'ambo ya mto, yalikutana uwanja mmoja, mchana mmoja, kila moja na duara lake, na nafasi kidogo katikati. Wote wanaimba wakati uleule. Hakuna hakimu. Watu ndio wanaohukumu, kwa miguu yao. Wimbo ukiwashika wanakuja, ukiwachosha wanahama, na ukipanda juu ya kichuguu unauona umati unavyomiminika huku na huku kama mtama kwenye ungo. Jua likianza kushuka, aliyebaki na wachezaji wake tu ndiye aliyeshindwa, na wanawake wa upande wa pili wanakuja kumpepea kwa khanga zao: "Pole baba, huku upepo ni mkali, hakuna watu wa kuukinga."

Na nyimbo lazima ziwe mpya. Wimbo wa mwaka jana unaitwa kiporo, hata uwe mtamu namna gani. Ndiyo maana walizifanyia mazoezi kwa siri, nyuma ya ua wa minyaa, na watu wa nje hawaruhusiwi.

Mwaka ninaousema, baba alikuwa ameshaachwa na watu misimu miwili mfululizo. Akiachwa wa tatu, usinga wake wa mkia wa ng'ombe, ule anaoongozea, unarudi kwa Mzee Bundala, mtunza ngoma, ili apewe mwingine. Baba angekwenda kusimama mstari wa nyuma aitikie kama kila mtu, na asiyeshika usinga hatungi. Hilo tulilijua hata sisi watoto. Nilimsikia mama akimwambia jirani yetu Mama Nkwabi, "Wakimpokonya usinga, sijui nitaishi na mtu gani humu ndani. Masanja asiyetunga mimi sijawahi kumwona."

Kupanga nyimbo nilijifunza kwenye pamba. Tulikaa barazani mchana kutwa tukichambua, pamba safi huku, fifi kule. Fifi ni ile yenye doa, iliyoliwa na mdudu au kunyeshewa. Mikono yangu ilikuwa myepesi, na baba akawa ananiweka karibu yake. Anachambua huku anaimba chini kwa chini, midomo haionekani kusogea. Siku moja akaniuliza, hata hanitazami, "Kabula, hii niliyoimba sasa hivi ni safi au fifi?"

Nikasema, "Fifi, baba. Katikati pameliwa."

Akaacha kuchambua. Akaiimba tena taratibu, akafika katikati, akapasikia. "Ng'wanawane," akasema, mwanangu, "una sikio wewe."

Kuanzia hapo kila mchana aliniuliza. Na nyimbo zilipotimia saba akaniambia nizipange zote, kuanzia ya mwisho mpaka ya kwanza. "Usiniangalie usoni wakati unapanga," akasema. "Ukiniangalia utanipendelea."

Zote saba ninazo mpaka leo. Zilikuwa za Kisukuma, lakini hapa nitasema zilihusu nini tu. Ya saba ilikuwa ya mvua iliyochelewa. Kila ningi ana moja ya hiyo kila mwaka, ni kama chumvi, hakuna anayeisifia. Ya sita ilimsifu dume letu Madoa, nayo niliishusha kwa sababu Madoa mwenyewe alikuwa amenipiga teke. Ya tano na ya nne nilizibadilisha kila siku: moja ya mzee aliyenunua viatu akavibeba begani, nyingine ya nyuki. Ya tatu ilikuwa ya pamba fifi iliyojificha ndani ya pamba safi. Ya pili ilihusu shangazi aliyekataa kuolewa kwa sababu ng'ombe wa mahari mmoja alikuwa anachechemea, akasema na bwana harusi atakuwa hivyohivyo. Wanawake walipoisikia mazoezini walilala chini kwa kucheka.

Ya kwanza ilikuwa ya mama asiyefagia. Mwanawe ameondoka kwenda kutafuta dhahabu, na unyayo wake wa mwisho umebaki uani, penye kinu. Mama anafagia ua wote lakini pale hafagii. Majirani wanamcheka. Anazunguka unyayo ule kama anavyozungukwa mtu aliyelala. Mwisho wanaona wingu linakuja, naye anaimba: mvua, sina ugomvi nawe, lakini ungepita pembeni. Basi. Wimbo unaishia hapo, ngoma moja tu ndiyo inaendelea kudunda, polepole, kama matone.

Nilipouweka wa kwanza baba alisukuma pamba kando. Alifuta mikono kwenye magoti. Halafu akasema, "Na mimi nimeuweka hapo. Huo ndio utakaotuokoa. Nitauimba mwisho." Ni desturi yao, bora huja mwisho, watu wakiwa wameshashiba za kawaida. Akaongeza, "Lakini kumbuka, nyimbo hazitoki humu uani mpaka siku yake."

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo ujinga wangu ulipokaa. Mimi sikusikia katazo. Nilidhani baba ananieleza tabia ya nyimbo, kama mtu anavyosema ng'ombe hapandi mti. Niliamini kabisa kwamba nyimbo zimefungiwa ndani ya minyaa ile, na kwamba hata mtu akiziimba nje zitarudi zenyewe kulala nyumbani kama kuku.

Maji tulichota mtoni, kwenye visima vya mchangani. Kiangazi mto unakauka, unachimba mchanga, unakaa unangoja maji yajikusanye, unayachota kwa kata kidogo kidogo. Kujaza mtungi ni kazi ya nusu asubuhi. Watoto wa pande zote mbili za mto tulichota pamoja: mimi, Nshoma, Kwandu, Sayi mwenye kigugumizi, na Minza, ambaye Jilala alikuwa mjomba wake.

"Kabula," Minza akasema siku hiyo, "baba yako mwaka huu anatupikia viporo tena?"

"Viporo mnakula ninyi."

"Mjomba ana nyimbo tisa."

"Tisa za fifi."

"Aa! Na baba yako?"

"Saba. Na nimezipanga mimi."

Minza akacheka mpaka akakaa chini. "Wewe uzipange? Wewe hata kamasi zako hazijapangika! Basi imba moja tusikie. Huna. Huna kitu."

Nikaanza na ya saba. Kisha ya sita. Niliimba kwa utaratibu kabisa, nikieleza kila moja kwa nini imekaa pale ilipokaa. Kwenye ya tano Minza akabisha, akasema ya viatu ni bora kuliko ya nyuki, na tukabishana kwa haki, yeye hakuwa ananidhihaki tena. Ya shangazi akaicheka mpaka akaipindua kata yake. Halafu nikaimba ya kwanza.

Mahali pamoja niliibadilisha kidogo. Baba alisema unyayo uko penye kinu. Mimi niliimba mlangoni, kwa sababu niliona kinu si mahali pa kuaga mtu. Hata mazoezini, nilipokaa nyuma ya kihenge cha mahindi nikiwafuatisha kwa sauti ya chini, niliimba mlangoni. Luhende, kijana mgeni aliyekuwa akimwitikia baba, alikuwa akinisikia, ananikonyeza.

Nilipomaliza, Minza alikuwa ameiacha kata mchangani. Maji yake yalikuwa yamejaa kisimani, hayachoti.

"Imba tena," akasema.

Niliimba mara tatu. Nilirudi nyumbani na mtungi kichwani nikijiona nimeshinda shindano kabla ya siku yake. Minza simlaumu. Najua alichofanya ni kile mtu yeyote angefanya: aliupenda, akaenda nao, akauimba akitwanga, na mjomba wake alikuwa karibu.

Siku yenyewe ilipofika nilipanda kichuguu mapema. Mwanzo ulikuwa wetu. Kwenye wimbo wa shangazi umati ulikuja upande wetu kwa kukimbia, nikaona hata wanawake wa ng'ambo wameinua khanga zao wasijikwae. Nilimwona baba akiinua usinga, jasho linang'aa shingoni, na Luhende pembeni yake akiitikia, njuga zake zinalia kwa pamoja na za baba kama mtu mmoja mwenye miguu minne. Luhende alikuwa kijana wa kutoka Rwamgasa. Alikuja kwetu kama mgeni, akasikia baba anaimba, hakuondoka tena. Mama alimpa kigoda chake na sahani yake. Sauti yake ilikuwa inaingia chini ya sauti ya baba na kuinyanyua.

Ndipo Jilala, kule kwake, akaanza wimbo mwingine. Sikuusikia vizuri mwanzoni. Nilisikia kicheko. Nilisikia watu wa pembeni wakigeuka. Kisha upepo ukauleta wote.

Ulikuwa wa mama asiyefagia. Lakini Jilala alikuwa ameugeuza. Mama huyu ni mvivu tu. Ameulizwa kwa nini hafagii, anasema naweka unyayo wa mwanangu mlangoni. Kumbe mlangoni ni mavi ya kuku, na mwanawe yumo ndani amelala. Mvua inakuja, mama anaishukuru, imemfagilia. Watu walikuwa wanaanguka kwa kucheka. Hata mimi, Mungu anisamehe, kidogo nilicheka, halafu nikamkumbuka Minza kisimani.

Baba alikuwa hajaufungua wake. Hakuwa na mwingine wa kufungia. Akaufungua. Akaimba mama anafagia ua wote, na mtu mmoja akapiga kelele, "Mavi ya kuku!" Akaimba majirani wanamcheka, na kweli wakacheka. Alipofika kwa mvua, pale ambapo mazoezini Mzee Bundala mwenyewe aligeuza uso asionekane, walikuwa wanahama makundi kwa makundi. Ngoma ile moja ikabaki inadunda mbele ya uwanja mtupu. Wanawake wa ng'ambo wakaja na khanga zao.

Asubuhi yake walikaa uani kwetu. Wazee wa kundi, baba, Luhende, na mama akiwa ananyonyoa kuku ambaye hakuna aliyekuwa na hamu naye. Usinga uliwekwa chini katikati, juu ya ngozi. Mzee Bundala akasema sheria, nasi sote tulikuwa tunaijua: wimbo uliovuja hauhesabiwi kuwa umeshindwa. Lakini kuna mlango uliopitia. Ukipitia kwa mgeni, mgeni anaondoka na mwaka ule unafutwa. Ukipitia nyumbani kwa mwimbaji, kosa ni la mwimbaji, na usinga unaondoka.

"Tuna mgeni mmoja," akasema.

Luhende hakujitetea sana. Ilijulikana alikuwa na msichana ng'ambo ya mto, alivuka mara kwa mara. Wakamuuliza kama alivuka wiki ile. Akasema alivuka. Wakamuuliza kama aliimba. Akasema, "Huko siendi kuimba," na vijana wawili wakacheka, wakanyamazishwa.

Nikatoka nyuma ya kihenge. Miguu yangu haikutaka, lakini nikatoka.

"Shikamooni. Ni mimi."

"Ni wewe nini?" akauliza Mzee Bundala.

"Niliimba kisimani. Zote saba. Nilimwimbia Minza."

Wakacheka. Hicho ndicho kilichoniumiza kwanza, walicheka kwa upole, kama anavyochekwa mtoto aliyesema anataka kwenda kuchunga mwezi. Mzee mmoja, Malale, akasema, "Mtoto anampenda mgeni wake, anataka kumbebea mzigo." Mzee Bundala hakucheka. Akamgeukia baba.

"Masanja. Mtoto huyu anazijua nyimbo zako?"

Baba aliangalia usinga. Siwezi kusema aliuangalia kwa muda gani. Mimi niliona ni muda wa kuchambua gunia zima.

"Huyu?" akasema. "Huyu hata wimbo wa kuchungia ndama hajaumaliza."

Mimi! Mimi niliyekaa miguuni pake kila mchana! Mimi niliyemwonyesha pameliwa wapi! Nikafungua mdomo niimbe palepale, nianze na ya saba, waone. Sikutoa hata sauti ya kwanza. Mkono wa mama ulikuja kutoka nyuma ukaniziba mdomo na pua, unanuka manyoya ya kuku na maji ya moto. Nikauma. Hakuutoa. Alininong'oneza sikioni, "Nyamaza, Kabula. Nyamaza, utatuua." Alikuwa analia. Basi naye alijua.

Luhende akafungua njuga zake, mguu mmoja, kisha mwingine, akaziweka kando ya usinga. Akasema, "Wabeja," asanteni, kama mtu aliyemaliza kula. Akaondoka kwa njia ya Rwamgasa. Kigoda chake kilibaki barazani, na kwa siku nyingi hakuna aliyekikalia wala aliyekitoa.

Nilijaribu tena, msidhani niliacha. Nilimwambia bibi yangu Nyanzobe, akasema Jilala alitumia dawa, nyimbo zilivutwa usingizini, mtoto usijisingizie. Nilimwambia Mama Nkwabi, akaniambia nisiote mchana. Nilimwambia Nshoma, shahidi wangu, aliyekuwepo kisimani. Akaapa hakusikia kitu, maana mama yake alishampiga. Mambo ya ukweli yana uzito wa ajabu: unatembea nayo kijiji kizima, kila mlango wanakwambia hapa hapana nafasi ya kuyatua. Nilimwambia na baba mwenyewe, barazani, tukichambua. Akasema, "Chambua." Hakuniuliza tena kama ni safi au fifi.

Usinga akabaki nao. Msimu uliofuata alitunga sita, na moja kati ya hizo ilikuwa ya mgeni. Mgeni tuliyempa kigoda. Haikutaja jina, lakini nani hakujua? Mgeni anakuja hana kitu, anapewa kigoda, anapewa sahani, anapewa sauti. Asubuhi moja sauti haipo, mgeni hayupo, kigoda kipo. Na mwenye nyumba hamlaani. Kila mtu alitarajia atamlaani. Anakifuta kigoda vumbi, anauliza, je, kilikuwa kigumu?

Nilikuwa juu ya kichuguu nimeshajiapiza nitauchukia. Baba akaanza. Watu wa Jilala wakaanza kugeuka, kwanza mmoja mmoja, kisha wote, nikaona hata wapiga ngoma wake wamegeuza shingo. Hakuna aliyecheka. Wanaume waliokomaa walikuwa wanajifuta macho kwa mikono yenye vumbi. Nami juu pale, mdomo wangu umekaza, nikasikia hesabu ikijipanga yenyewe kichwani bila idhini yangu: ya sita, ya tano, ya nne. Ulipanda juu ya zote. Ulipanda juu ya mama asiyefagia. Nilitafuta mahali palipoliwa nikakosa. Wimbo mzima ulikuwa uongo, na ulikuwa safi.

Nikakua, nikaolewa, nikazaa, nikamzika baba. Watu waliimba wimbo huo msibani kwake. Nimeusikia ukiimbwa kwenye kupalilia, kwenye harusi, na vijana wasiojua hata Masanja alikuwa nani.

Luhende nilikutana naye Katoro, nikiwa nimeshapata wajukuu. Nilikwenda kununua vitenge vya biashara, nikaambiwa yule mzee mwenye kibanda cha makoleo na sururu za wachimbaji, karibu na stendi, anaitwa Luhende, mtu wa Rwamgasa. Nikasimama mbele yake. Nilimtambua kwa shingo.

"Shikamoo."

"Marahaba, mama. Koleo au sururu?"

"Mimi ni Kabula wa Masanja."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Kabula. Umezeeka kuliko mimi!" Akanivutia kiti. Akaita soda. Nikamwambia kabla hata haijafunguliwa. Nilikuwa nimeyabeba miaka yote, nikayamwaga yote hapo, kisima, Minza, saba zote, "na siku ile sikuwa nakutetea, Luhende, nilikuwa nasema kweli."

"Nilijua," akasema.

"Ulijua vipi?"

"Jilala aliimba mlangoni. Baba yako aliimba penye kinu. Nani mwingine alikuwa anaimba mlangoni?" Akanywa soda yake. "Na baba yako alijua palepale uwanjani. Tuliangaliana."

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. "Sasa kwa nini hukusema?"

"Niseme mimi, mgeni? Wewe mwenye nyumba ulisema. Walikusikia?"

Nikaanza kuomba radhi, maneno niliyoyapanga tangu utoto. Akanikatiza kwa mkono, kama mtu anayefukuza inzi. Mteja alikuwa amefika, kijana mwenye matope mpaka magotini, ameshika koleo. Luhende akamwashiria asubiri.

"Ule wa kigoda," akaniuliza, "wewe unauweka wa ngapi?"

"Luhende, nimekuja kukuomba msamaha."

"Nimesikia. Unauweka wa ngapi?"

Sikutaka kujibu. Alinitazama vilevile baba alivyokuwa akiitazama pamba.

"Wa kwanza," nikasema.

"Hata mimi." Akatikisa kichwa, amekasirika kabisa, kama mtu aliyeshindwa kesi. "Nimejaribu kuushusha. Nasema, huu unanisingizia, nikauweke wa tano, wa sita. Haukai. Nikiwa peke yangu unaanza wenyewe. Lakini wimbo ule unataka watu wawili, na mimi kazi yangu ilikuwa kuitikia tu, kuongoza najilazimisha."

Na palepale, kati ya makoleo, akauanza. Sauti ilikuwa imekwaruza, lakini ilipita mlemle. Mgeni kaja, kapewa kigoda, kapewa sahani. Yule kijana akashusha koleo lake chini taratibu. Luhende akafika pale pa kuitikia, akanyamaza, akaniangalia.

Nikaitikia.